KABLA MAMA HAJASAINI: Mambo ya kujua kuhusu kujitolea kwenye utafiti wa kuzuia ugonjwa wa kusahau

 

Mada ya leo ni ndefu kidogo. Kama umebakiwa na dakika tano, ongeza muda au ichapishe ukasome nyumbani, maana hii nataka umsomee mtu mzima wa kwenu.

Ilianza hivi. Jumamosi moja kijana alipita mtaani kwetu hapa Mbezi Luis. Shati limepigwa pasi, kitambulisho kinaning'inia shingoni, faili mkononi, anauliza nyumba zenye watu wazima. Kwetu alimkuta Mama kibarazani anachambua mchele. Akamwambia kuna dawa mpya kutoka nje inayozuia mtu asipate ugonjwa wa kusahau, ipo kwenye utafiti, nafasi chache, anayetaka alipie kadi ya usajili shilingi 20,000, halafu atakuwa analipwa kila mwezi. Nilipotokea mimi Mama alishaingia ndani kuchukua hela.

Msimcheke. Mama analala chumba kimoja na Bibi, mama yake mzazi. Bibi ni mtu wa Machame, wilaya ya Hai, na siku hizi Mama anamwita "dada". Tangu kituo kikuu cha mabasi cha Magufuli kifunguliwe hapa kwetu mwaka 2021, Bibi ametoroka mara mbili kwenda kutafuta basi la Moshi, anasema ng'ombe hawajakamuliwa. Ng'ombe wenyewe waliuzwa zamani. Mama ana miaka 58, na kila akisahau alipoweka funguo ananiangalia usoni kuona kama nimegundua. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kuna dawa ya kuzuia, 20,000 haoni kama ni hela.

Nilimwomba yule kijana barua ya kibali. Kaiacha ofisini. Jina la utafiti? Ataleta. Daktari mkuu ni nani? Akaaga, na hajarudi mpaka leo. Mama akanigeukia: "Umenikosesha bahati."

Hilo neno lilinichoma. Je, kama kweli ipo bahati ya namna hiyo mahali fulani? Nikakaa kwenye kompyuta siku kadhaa, nikasoma, nikauliza wanaojua. Haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika kwa utaratibu ili na wewe siku mgeni mwenye faili akibisha hodi kwenu, uwe na la kumuuliza.

UGONJWA WENYEWE NI UPI?

Kusahau kunakoharibu maisha ya kila siku, mpaka mtu anapotea njia ya kwake, hashiki hesabu ya chenji, hamjui mwanawe, madaktari wanakuita dimensia. Siyo uzee wa kawaida, na siyo kurogwa. Dimensia ina vyanzo vingi, na kinachoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer, uliopewa jina la daktari Mjerumani Alois Alzheimer ambaye mwaka 1906 alieleza kwa mara ya kwanza alichokikuta kwenye ubongo wa mgonjwa wake mmoja aliyefariki. Ndani ya ubongo mnajaa mabaki ya protini mbili, moja inaitwa amiloidi na nyingine tau, na seli zinakufa kidogo kidogo.

Jambo la kushika hapa ni MUDA. Mabaki hayo huanza kujikusanya miaka mingi kabla mtu hajaanza kusahau, inaweza kufika 15 au 20. Ndiyo maana watafiti wakasema, tukisubiri mpaka mtu amsahau mwanawe tumechelewa, tuwatafute watu wakiwa bado wazima.

Na kwa wale wenye hofu kama ya Mama: kuwa na mzazi mwenye Alzheimer kunaongeza uwezekano, lakini hakumaanishi lazima na wewe uupate. Familia ambazo ugonjwa unarithiwa moja kwa moja kupitia jeni moja zipo, ila ni chache sana duniani.

KUZUIA NA KUTIBU NI VITU VIWILI

Utafiti wa kutibu unamchukua mgonjwa. Anaumwa, anatafuta nafuu, akipata madhara kidogo anasema afadhali. Utafiti wa kuzuia unamchukua mtu MZIMA, anayelima, anayeuza genge, anayepanda daladala mwenyewe, na kumwomba akubali vipimo, sindano au vidonge kwa miaka, kwa ajili ya ugonjwa ambao pengine asingeupata kabisa. Akipata madhara, hakuwa anaumwa kitu. Kwa hiyo mzani wake ni tofauti, na maswali yake lazima yawe makali zaidi.

WENZETU WAMEJARIBU NINI?

Nitataja machache yanayojulikana.

1. Colombia. Jimbo la Antioquia lina ukoo mkubwa wenye jeni inayoleta Alzheimer mapema, watu wanaanza kusahau wakiwa na miaka ya 40. Daktari Francisco Lopera, aliyefariki mwaka 2024, aliwafuatilia kwa miongo kadhaa. Kuanzia mwaka 2013 watu 252 wa ukoo huo walijitolea kujaribu dawa iitwayo crenezumab. Wengi wao hawakutaka kujua kama wana ile jeni. Kwa hiyo wakaingizwa na wasiokuwa nayo, hao wakawa wanapewa plasebo, yaani kitu kinachofanana na dawa lakini hakina dawa ndani, ili kuwemo kwenye utafiti kusimfichulie mtu siri yake. Majibu yalitoka mwaka 2022: dawa haikuzuia ugonjwa kwa kiwango cha kuridhisha.

2. Utafiti wa A4. Ulianza mwaka 2014 Marekani, ukaenda pia Canada, Japani na Australia. Watu 1,169 wa miaka 65 hadi 85, wote akili timamu, lakini picha za ubongo zilionyesha amiloidi. Ili kuwapata hao, zaidi ya watu 4,000 walipigwa picha. Wakapewa solanezumab au plasebo kwa zaidi ya miaka minne. Mwaka 2023 majibu yakatoka: haikusaidia.

3. FINGER, Finland. Huu haukuwa wa dawa. Watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77 waliokuwa na vihatarishi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likapewa ushauri wa kawaida, la pili likawekwa kwenye programu ya miaka miwili ya chakula bora, mazoezi, mazoezi ya akili, na kufuatiliwa presha, sukari na mafuta. Majibu ya mwaka 2015 yalionyesha kundi la pili lilifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili. Marekani nao wakafanya wa kwao, U.S. POINTER, watu 2,111, majibu mwaka 2025: makundi yote mawili yaliimarika, lakini lililosimamiwa kwa ukaribu liliimarika zaidi.

Umeona mpangilio wenyewe? Hawa watu walitoa miaka ya maisha yao, na wa namba 1 na 2 dawa zao zikashindwa. Hiyo haimaanishi walidanganywa. Kushindwa nako ni jibu, kunawazuia wengine wasimeze kitu kisichofaa. Lakini yeyote anayemwambia mama yako kwamba dawa ya utafiti "inazuia" anaongopa. Ingekuwa inajulikana inazuia, isingekuwa kwenye utafiti.

Zipo dawa mbili mpya, lecanemab na donanemab, zilizopitishwa Marekani mwaka 2023 na 2024 kwa watu walioanza dalili za mwanzo. Zinapunguza kasi, haziponyi, na zinaweza kusababisha uvimbe au damu kuvuja kidogo kwenye ubongo, ndiyo maana mgonjwa anapigwa picha za kichwa mara kwa mara. Zimejaribiwa kwa watu wasio na dalili pia. Hivyo hatari ninazozisema siyo hadithi.

NA HUKU KWETU?

Hapa nilishangaa. Nilidhani mambo haya ni ya Ulaya, kumbe wilaya ya Bibi ndiyo imo kwenye majarida ya kitabibu!

Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti wa Kitanzania na wenzao wa Uingereza waliwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea katika vijiji sita. Makadirio yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, ni kwamba asilimia 6.4 walikuwa na dimensia. Utafiti mwingine huko huko ulikuta familia nyingi zinaona ni uzee tu, wala hazikufikiria hospitali. Kama sisi kwa Bibi mwanzoni.

Hai hiyo hiyo walijaribu tiba isiyo na kidonge hata kimoja: wazee 34 wenye dimensia walikutanishwa kwa vikundi, vikao 14 kwa wiki 7, wakizungumza, wakiimba, wakicheza michezo ya kuchangamsha akili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu kwenye kumbukumbu na hali ya maisha. Hiyo ni ya wanaoumwa tayari, lakini inatuonyesha kitu: wazee wetu wanaweza kujitolea na utafiti ukafanyika kijijini.

Kwa upande wa kuzuia, jirani zetu Nairobi wako mbele. Taasisi ya Ubongo na Akili ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ni miongoni mwa vinara wa AFRICA-FINGERS, programu inayouchukua mfumo wa Finland na kuupanga upya ufanane na maisha, vyakula na magonjwa ya Kiafrika.

Kwani lazima Waafrika wawemo? Jibu linatoka Nigeria. Wazee wa Kiyoruba wa Ibadan walilinganishwa kwa miaka mingi na wazee weusi wa Indianapolis, Marekani. Taarifa ya mwaka 2001 ilionyesha Alzheimer mpya kwa mwaka ilikuwa asilimia 1.15 Ibadan na 2.52 Indianapolis. Watu wenye asili ya karibu, ugonjwa tofauti hivyo. Maisha, chakula, presha na jeni vinachangia kwa namna isiyofanana kila mahali. Sasa dawa ikijaribiwa kwa wazungu watupu, kama ilivyokuwa kwa sehemu kubwa ya A4, utajuaje itamfanya nini mama wa Mbezi Luis?

KUJITOLEA SIYO KUGENI BONGO

Wanaosema "Watanzania hawawezi kukubali kuwa panya wa maabara" hawajui historia ya karibu.

Kuanzia mwaka 2007 Chuo cha Muhimbili kilifanya majaribio ya chanjo ya UKIMWI yaliyoitwa HIVIS-03, wakajitolea watu 60 hapa hapa Dar, wengi wao askari polisi. Wataalamu waliwahoji askari kuhusu uamuzi huo. Zaidi ya nusu ya waliohojiwa walisema wako tayari. Kilichowarudisha nyuma wengine ni hofu ya madhara, na maneno ya watu wa karibu: mke, mpenzi, ndugu, wenzao kambini. Kulikuwa na jambo la ziada pia. Chanjo za aina ile zinaweza kumfanya mtu asome "ana virusi" kwenye kipimo cha kawaida wakati hana. Hebu fikiria kumwelezea mkeo hilo. Madhara mengine hayaonekani mwilini, yanaonekana mtaani.

Bagamoyo na Korogwe ni miongoni mwa vituo 11 vya Afrika ambako chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa watoto 15,459 kuanzia mwaka 2009 mpaka 2014. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza itumike. Wazazi wale wa Bagamoyo na Korogwe wana mchango wao pale.

Na upo mfano wa utafiti kusimamishwa. PrEPVacc, majaribio mengine ya chanjo ya UKIMWI, yalihusisha watu 1,512 wa Dar es Salaam, Mbeya, Masaka ya Uganda na Durban. Desemba 2023 ilitangazwa kwamba uchanjaji umesitishwa, baada ya kamati huru inayochungulia takwimu kuona hakuna matumaini ya chanjo hizo kufanya kazi. Watafiti wenyewe walitangaza hadharani. Utafiti wa kweli unakuwa na jicho la pembeni la namna hiyo, siyo daktari peke yake na kalamu yake.

UBAYA NAO TUSIUFICHE

Mwaka 1996 mjini Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake Trovan kwa watoto. Watoto 200 waliingizwa, nusu wakapewa Trovan, nusu dawa nyingine. 11 walifariki, wengine wakabaki na ulemavu. Wazazi walidai hawakuelezwa kwamba ni majaribio. Kampuni ilikana kwamba dawa yake ndiyo iliyoua, lakini mwaka 2009 ikakubaliana na jimbo la Kano kulipa dola milioni 75.

Kwa hiyo mzee akikataa usimwite mshamba. Hofu yake ina historia. Kazi yako ni kumsaidia kuuliza.

UKIKUBALI, INAKUWAJE?

Utafiti mwingi wa kweli unapita hatua hizi:

Kwanza, maelezo. Mnakaa chini mnaelezwa kwa KISWAHILI mnachokielewa: utafiti unatafuta nini, utachukua muda gani, damu kiasi gani, hatari zipi. Mnapewa karatasi kwenda nazo nyumbani. Ukiambiwa "saini sasa hivi nafasi zinaisha", simama.

Pili, ridhaa. Unasaini fomu na nakala inabaki kwako. Asiyejua kusoma anasomewa mbele ya shahidi asiye mtu wa utafiti, kisha anaweka dole gumba.

Tatu, uchunguzi wa kuingia. Damu, presha, maswali ya kumbukumbu, pengine picha ya ubongo. Wengi wanakatwa hapa. Siyo kwamba una mkosi, ni vigezo tu.

Nne, kura. Kompyuta ndiyo inayopanga nani apate dawa na nani plasebo. Mara nyingi wewe hujui na daktari anayekuona hajui, ili matumaini yenu yasiharibu majibu.

Tano, kufuatiliwa. Utafiti wa kuzuia ni miaka. Fikiria nauli, foleni ya Kimara, siku za kazi zitakazopotea.

Sita, majibu. Uliza mapema kama mtaletewa matokeo utafiti ukiisha. Uliza pia kama utaambiwa majibu ya ubongo wako, na ujiulize mwenyewe kama unataka kuyajua. Mtu akishaambiwa ana amiloidi hawezi kurudi kwenye kutojua.

Na usisahau awamu. Awamu ya 1 ni watu wachache, makumi, wanaangalia zaidi usalama. Ya 2 ni watu wengi kidogo, kipimo gani kinafaa. Ya 3 ni mamia mpaka maelfu, je inafanya kazi kweli? Hatari ya usiyoyajua ni kubwa zaidi awamu ya 1.

HAKI ZAKO

Unaweza kukataa. Unaweza kukubali leo ukajitoa kesho bila kutoa sababu, na huduma zako za kawaida za hospitali zisiguswe. Siri zako zitunzwe. Ukiumia kwa sababu ya utafiti ujue nani atakutibu kwa gharama ya nani, na iwe imeandikwa. Misingi hii imo kwenye Azimio la Helsinki la mwaka 1964, ambalo lilirekebishwa mara ya mwisho mwaka 2024.

Sasa hapa ndipo penye mtihani wa ugonjwa huu. Ridhaa inahitaji akili inayoshika. Bibi leo ukimwelezea utafiti atasema ndiyo, na baada ya dakika kumi hakumbuki kasema nini. Kwa mtu aliyefika hapo anahitajika mwakilishi wa kisheria wa kuamua kwa niaba yake, na BADO yeye mwenyewe asilazimishwe. Akivuta mkono sindano inapokuja, huo ni ukataaji hata kama hajasema neno. Ndiyo maana mazungumzo haya yafanyike mapema. Mama leo anaweza kutuambia anataka nini. Bibi hatukuwahi kumuuliza.

KUMTAMBUA TAPELI

Hii muichape mbandike ukutani:

1. Utafiti wa kweli HAUKUTOZI hela ya kujiunga. Hakuna kadi, hakuna fomu ya kununua. Kinyume chake, wao ndio wanaorudisha nauli na kufidia muda wako.

2. Una kibali cha maadili. Tanzania Bara ni cha kamati ya taifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979. Zanzibar kuna taasisi yao, ZAHRI. Ukiwa ni wa dawa au chanjo unahitaji pia kibali cha TMDA, ile iliyokuwa ikiitwa TFDA mpaka mwaka 2019. Omba namba ya kibali, kisha uliza ofisi hizo wenyewe. Usipige namba aliyokupa yeye.

3. Umesajiliwa mahali pa wazi. Andika kwenye kompyuta PACTR, daftari la majaribio ya tiba la Afrika lililoko Cape Town, au ClinicalTrials.gov la Marekani. Kutazama ni bure. Onyo: kuwemo kwenye daftari peke yake hakuthibitishi kwamba ni salama, lakini kama hayumo kokote, mwambie akapumzike.

4. Hauahidi kupona wala kutougua.

5. Una jina la mtafiti mkuu, taasisi, na simu ya kamati ya maadili kwa ajili ya malalamiko. Vyote vimo kwenye ile karatasi unayoondoka nayo.

KUHUSU HELA

Najua kuna mshikaji anasoma hapa anajiuliza, "kwani wanalipa ngapi?" Sikulaumu, maisha ya Dar tunayajua. Kufidiwa nauli na muda ni halali. Lakini fidia ikiwa kubwa mpaka unaficha kwamba unaumwa ili usikatwe, hapo umeuza usalama wako, na umeharibu majibu ambayo mama wa mtu mwingine atayategemea.

KABLA HATA YA UTAFITI

Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja vihatarishi 14 vya dimensia na kukadiria kwamba takriban asilimia 45 ya dimensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama vingeshughulikiwa vyote. Ni presha, kisukari, mafuta mabaya kwenye damu, unene uliozidi, kutofanya mazoezi, sigara, pombe nyingi, sonona, upweke, elimu ndogo, usikivu uliopungua, macho mabovu yasiyotibiwa, hewa chafu, na kuumia kichwa.

Ona hiyo ya mwisho. Wewe unayepanda bodaboda kutoka Mbezi mpaka Makabe bila helmeti, unajiandalia uzee wako mwenyewe. Mambo haya hayahitaji kura wala plasebo.

MWISHO

Nilimsomea Mama haya kwa siku mbili, baada ya chakula. Aliniuliza maswali mengi kuliko nilivyotegemea. La kwanza, kama ataruhusiwa kuacha akichoka. La pili, nani atakaa na Bibi siku za kliniki. Mwisho akasema akija mtu wa kweli na utafiti wa kweli, yeye yuko tayari kusikiliza, fomu nisome mimi lakini sahihi iwe yake. Na kwamba siku akifikia pale alipo Bibi, nisimpeleke popote kwa nguvu. Nimeliandika hilo na tarehe, shangazi akiwa shahidi.

Jumatatu tulikwenda zahanati kupima presha. 162 kwa 98. Miaka yote hiyo tunaogopa ugonjwa wa Bibi na presha hatukuwahi kuipima. Ameanza vidonge, jioni tunatembea mpaka stendi na kurudi, na Bibi tunaenda naye katikati yetu. Akiona mabasi ya Moshi anafurahi.

Naomba kuwasilisha. Madaktari, manesi na wanafunzi wa Muhimbili mliomo humu, nilipokosea nirekebisheni kwenye maoni hapo chini. Na kama uliwahi kujitolea kwenye utafiti wowote, tuambie ilikuwaje, ila majina ya watu tuyaache. Kama yule kijana mwenye faili kapita na mtaani kwenu, semeni mtaa gani, watu wajue.